Shanga Ndani ya Katoni za Watu

Jacob alikuwa mshonaji. Asubuhi, ukungu ukiwa bado juu ya mabati ya Butembo, alikuwa amekwisha kukaa barazani mbele ya cherehani yake. Mke wake, Marie-Jeanne, aliwasha makaa kwenye babula, akapika chai na mihogo. Kisha alifunga bidhaa zake ndani ya kitenge, akaenda sokoni.

Marie-Jeanne aliuza mapambo ya shanga ya kushona kwenye nguo. Kama umewahi kwenda harusini Butembo, umeyaona. Wanawake wa mji ule wanapenda kumeta, na mimi siwalaumu. Juma zima wamo ndani ya matope na baridi, basi Jumapili waacheni wamete.

Mapambo yake yalikuwa ya aina nyingi. Kulikuwa na shanga tupu ndani ya mifuko midogo. Kulikuwa na utepe wa kuuza kwa mita, wenye shanga zilizoshonwa juu ya tulle, yaani kile kitambaa chepesi kinachofanana na chandarua. Kulikuwa pia na kola nzima za shanga, zimekwisha kushonwa, ambazo fundi anazitia tu kwenye shingo ya gauni. Marie-Jeanne aliziita zote jina moja: perles.

Mali hiyo ilitoka Dubai. Mtu mdogo hawezi kujaza kontena peke yake, kwa hiyo Marie-Jeanne alikuwa katika kikundi cha wafanyabiashara. Mkuu wao alikuwa Papa Lusenge, muuza vitambaa, mtu wa sauti kubwa na subira ndogo. Aliyekuwa ndani ya kikundi alipata mali. Aliyetolewa alibaki kununua kwa wengine kwa bei wanayotaka wao, na baada ya muda meza yake sokoni ilibaki tupu. Marie-Jeanne alikuwa amewaona waliotolewa. Aliogopa jambo hilo kuliko mengine yote ya biashara.

Kikundi kilikuwa na desturi yake, nao waliiita kulaza. Barabara ya kutoka mpakani Kasindi hadi Beni si ya mchezo. Kuna malori yaliyochomwa moto pale pamoja na mali yote. Ndiyo maana kila mtu alilaza sehemu ya mali yake ndani ya katoni za wenzake. Lori moja likiungua, wote wanapoteza kidogo, lakini hakuna anayepoteza yote. Mtu wao wa Dubai alipakia hivyo siku zote, ingawa katoni ndogo za Marie-Jeanne hazikuwa na nafasi ya mali ya wengine. Ilikuwa akili nzuri, ila ilikuwa na tundu moja, na hakuna aliyekuwa ameliona.

Jumanne moja, Marie-Jeanne alikuwa akimwonyesha mteja utepe wakati simu ilipolia. Alikuwa Papa Lusenge.

"Marie-Jeanne! Ulisema nini kwa déclarant?"

Déclarant ni mtu anayetengeneza karatasi za mizigo kwa ajili ya forodha, ambayo kule wanaiita douane.

"Alinipigia simu akauliza mali yangu ni nini," alijibu Marie-Jeanne. "Nikamwambia ni perles tu."

"Perles tu! Sasa vérificateur wa Beni amefungula katoni yako moja. Ku papier imeandikwa perles ya verre, ya kioo. Ndani amekuta bitambaa, amekuta kola, amekuta bintu bingine. Asema ni fausse déclaration. Amesimamisha bintu byetu byote! Byote, unasikia?"

Marie-Jeanne alisikia. Vérificateur ni mkaguzi wa douane, na fausse déclaration ni kutangaza mali kwa uongo.

"Papa Lusenge, sikujua..."

"Siku ya Posho tunaketi. Batu bamekasirika. Kama mizigo haijatoka, tutaendelea bila wewe. Mimi sitakuficha."

Simu ikakatika. Posho, yaani Jumamosi, ilikuwa imebakiza siku nne. Mteja alikuwa bado anangoja bei ya utepe, lakini Marie-Jeanne alikuwa ameisahau. Alirudi nyumbani mapema. Jacob alipomwona tu aliacha kushona.

"Bamefungula katoni yangu," alisema Marie-Jeanne, akamweleza yote.

Jacob alimvutia kiti. "Mais ni kweli ziko perles," alisema; mais kwao ni lakini. "Wewe haukudanganya mutu."

"Njo vile na mimi ninasema. Mais Papa Lusenge hapana kutaka kusikia. Posho iko karibu, Jacob. Bakinitoa, tutauza nini?"

Jacob alirudi kwenye cherehani. Usiku ule mke wake hakula. Alilala macho wazi akiwaza Jumamosi, uani kwa Lusenge, watu wote wakimtazama. Kulipokucha, Jacob alisema, "Enda Beni. Kule, mu mutaa ya Bungulu, kuko mama moja, Rachida. Ni déclarante. Batu banasema anafasiriaka mutu mupaka aelewe. Bebea mali kidogo kidogo ya kila namna umuonyeshe."

Marie-Jeanne alichukua mabaki ya mali yake ya zamani, akapanda taksi. Njiani abiria walicheka na kupiga soga, ila yeye alishika mkoba wake kifuani na kuhesabu makosa ambayo hakuyajua. Walipoteremka kuelekea Beni joto lilianza. Alivua triko yake ya baridi lakini jasho halikukoma.

Rachida alikuwa mwanamke wa makamo, mwenye kitambaa cha kijani kichwani na meza iliyojaa karatasi. Alimpa Marie-Jeanne kiti na maji.

"Kunywa kwanza, mama. Mutu mwenye roho juu hasikie vizuri."

Marie-Jeanne alikunywa. Kisha akaeleza. Mwisho aliuliza kwa sauti ya chini, "Ma Rachida, na kama tunamupatia vérificateur kintu kidogo, aache?"

"Hapana," alisema Rachida. Hakukasirika, lakini hakucheka pia. "Mali yako itatoka na jina ya bongo, ya kudanganya. Kesho utaileta tena, utamupatia mutu mwengine tena. Utalipa uoga maisha yako yote. Hebu onyesha mali."

Marie-Jeanne alifungua mkoba. Rachida alichukua mfuko mdogo wa shanga.

"Hii ni nini?"

"Perles."

Rachida akachukua utepe. "Na hii?"

"Perles."

"Na hii?"

"Ni perles... ni kola. Kola ya perles." Marie-Jeanne aliona haya.

"Usisikie haya. Mu soko, vile unaiita ni sawa. Mais douane haiulize vile tunaiitaka mu soko. Inauliza maulizo tatu. Ya kwanza: kintu imetengenezwa na nini? Ya pili: imetengenezwa namna gani? Ya tatu: imefika wapi? Iko ya kukata na kushona, ao imeisha?"

Aliweka shanga, utepe na kola kwenye mstari mezani.

"Hizi perles ziko huru, na ziko za verre. Zinaenda pamoja na bintu bya verre, chapitre makumi saba ya kitabu ya douane. Hii bande, ile utepe, angalia nyuma yake. Unaona nini?"

"Tulle."

"Njo vile. Perles zimeshonewa juu ya kitambaa. Kwa douane hiyo inaitwa broderie, chapitre makumi tano na munane. Hata zikiwa mingi mupaka kitambaa haionekane mbele, kitambaa iko. Na hii kola haiko tena ya kukata. Imeisha, ni ya kutia tu ku nguo. Ni accessoire ya nguo. Inaenda makumi sita na mbili. Kama kitambaa yake ingelikuwa tricot, ya kufuma kama sweta, ingelienda makumi sita na moja."

Marie-Jeanne alizitazama kama mtu anayeziona mara ya kwanza. "Bintu bitatu, majina tatu?"

"Majina tatu, na kila moja na droits yake, kodi yake. Ngoja." Rachida alichukua mfuko mwingine wa shanga, nyeupe kama lulu. Alishika sindano kwa koleo, akaipasha moto kwa kiberiti, akaigusisha kwenye shanga moja. Shanga ikayeyuka kidogo, ikatoa harufu mbaya. "Hii haiko verre. Ni plastique. Jina ya ine."

"Mungu wangu," alisema Marie-Jeanne. "Njo maana anasema nilidanganya."

"Ku papier iko jina moja, ndani ya katoni iko bintu bine. Yeye ataamini nini? Hajue roho yako. Anaona katoni tu." Rachida alianza kukusanya karatasi zake. "Ungelisema mbele, kabla bafungule, ingelikuwa kurekebisha tu. Sasa amende, ile faini, inaweza kuja. Mais mutu akijileta mwenyewe na kusema kila kitu, inasaidia. Twende. Na ujue neno moja: mwenye kukata neno ni douane. Mimi kazi yangu ni kusema kintu vile iko."

Walipokuwa wakitoka, Marie-Jeanne aliuliza, "Na mutu akikutwa na kintu yenye haikusemwa, nani anajibu?"

"Mwenye katoni yenye ilikutwa ndani yake," alisema Rachida. "Jina yenye iko ku papier ya katoni, njo inajibu."

Ghala la douane lilikuwa na joto na vumbi. Vérificateur aliitwa Zorobabel. Alikuwa mwembamba, mwenye miwani, mtu wa kusema taratibu. Papa Lusenge alikuwa amekwisha kufika. Alimsalimu Rachida kwa heshima. Lakini Marie-Jeanne, Lusenge hakumsalimu.

"Chef," alisema Marie-Jeanne, "mimi njo mwenye perles. Nilisema vibaya. Haikuwa ya kudanganya, nilikuwa sijue. Nimekuya kusema vile iko."

Zorobabel alimtazama juu ya miwani. "Basi onyesha," alisema.

Walitandika turubai la plastiki sakafuni. Marie-Jeanne na Rachida walifungua katoni zake moja moja. Shanga za kioo waliziweka huku. Za plastiki kule. Utepe peke yake. Kola peke yake. Zorobabel aligeuza utepe akatazama nyuma. Alivuta kola kwa vidole kuona kitambaa. Aliuliza, akaandika, akauliza tena. Saa zilienda. Papa Lusenge alitembea kutoka mlangoni hadi ukutani na kurudi, kama mtu anayepima chumba kwa miguu.

Mwishoni Zorobabel alifunga kalamu.

"Sasa ninaelewa," alisema. "Mama, yako itabakia mupaka papier irekebishwe. Amende itakuwa, mais nitaandika kama ulijileta mwenyewe. Ba bengine, bintu byao biko wazi. Bapakie, baende."

Papa Lusenge alipiga makofi. Kwa mara ya kwanza siku hiyo alimtazama Marie-Jeanne bila chuki. "Basi Posho hakuna mambo mingi," alisema. "Tutakungojea."

Umesikia? Tutakungojea. Neno lile ndilo Marie-Jeanne alilokuwa amelifuata kutoka Butembo. Alitaka kukaa chini alie kwa furaha. Wapakiaji walianza kubeba katoni za vitambaa vya Lusenge kwenda kwenye lori.

Hapo Marie-Jeanne akatazama tena sakafuni.

Kola. Kola zilizokuwa sakafuni zilikuwa chache. Nyingine zilikuwa wapi? Zilikuwa zimelala. Zilikuwa chini ya vitambaa vya Papa Lusenge, na ndani ya katoni za wengine wa kikundi, kama walivyofanya siku zote. Na kwenye karatasi za katoni zile hapakuwa na neno kola hata moja.

Alitazama huku na huku. Hakuna aliyejua. Rachida hakujua, maana Marie-Jeanne hakumweleza habari ya kulaza. Kwake kulaza hakukuwa jambo la kueleza, ni kama kupumua. Lusenge mwenyewe alikuwa amesahau kwa furaha. Kama angenyamaza, lori lingeondoka. Jumamosi hakuna ambaye angemfukuza. Lakini kule mbele kuna vizuizi, na kuna ukaguzi mwingine. Katoni ikifunguliwa, jina lililo juu yake ni la Lusenge. Naye Lusenge angejibu nini?

Akisema, wote wangesimama tena, na safari hii kwa ajili yake kabisa. Katoni nyingine ilipita mbele ya macho yake, nyingine tena.

"Chef!" alisema. Wapakiaji hawakumsikia. Akarudia kwa nguvu, "Chef, simamisha! Simamisha lori!"

Wapakiaji walisimama na katoni begani.

"Iko nini tena?" aliuliza Zorobabel.

"Kola zangu zingine ziko mule. Ndani ya bitambaa bya Papa Lusenge. Na mu katoni za bengine. Tunalazaka."

"Marie-Jeanne!" Lusenge alipiga kelele mpaka njiwa wa juu ya paa wakaruka. "Unatuua! Alikuwa ametuachilia! Wewe ni mutu wa namna gani?"

Marie-Jeanne alinyosha kidole kwenye katoni iliyokuwa begani mwa mpakiaji. Machozi yalikuwa yanamtoka, naye hakuyafuta. Zorobabel alivua miwani yake, akaifuta taratibu kwa shati. Rachida alisimama karibu na Marie-Jeanne, akamshika mkono. Marie-Jeanne aliona kikundi kizima kikimwondokea.

"Teremusha byote," alisema Zorobabel.

Waliteremsha. Walifungua katoni ya kwanza ya Lusenge, wakakuta kola chini ya vitambaa. Walifungua ya pili, wakakuta kola, na pia vifungo vya mtu mwingine. Ya tatu ilikuwa na zipu. Kila katoni ilikuwa na mgeni ndani yake. Zorobabel alitikisa kichwa.

"Nani aliwafundisha hii?" aliuliza.

Marie-Jeanne ndiye aliyejibu.

"Hakuna mutu, chef. Ni barabara."

Zorobabel aliinamisha kichwa kidogo. Yeye pia alipita barabara ile. Aliposema tena, sauti yake haikuwa kali tena.

"Barabara ninaijua. Sitabakataza kulaza. Mais douane lazima ijue kile iko ndani. Lazeni, mais museme. Kila kintu mu mufuko wake, kila mufuko na jina yake na jina ya mwenyewe. Na ku papier ya kila katoni, muandike byote byenye biko ndani."

"Na kama hatujue kintu iko chapitre gani?" aliuliza Marie-Jeanne.

"Mulete échantillon, kipande kimoja cha kila namna, mbele mali itoke Dubai. Muandike barua kwa douane, muulize. Jibu ikipatikana mbele, hakuna mutu wa kugombana hapa." Alivaa miwani. "Leo bintu habitoke. Mutarekebisha byote pamoja."

Walirudi Butembo bila mali. Lusenge hakuzungumza na mtu njia nzima. Walipopanda mlima wa Kabasha baridi ikaanza, na Marie-Jeanne akavaa triko yake. Alikuwa amechoka hata kuogopa.

Jumamosi ilifika, na mizigo ilikuwa bado Beni. Marie-Jeanne alivaa kitenge chake kizuri, kwa sababu kama mtu anafukuzwa, afadhali afukuzwe akiwa amevaa vizuri. Jacob alimsindikiza hadi mlangoni kwa Lusenge.

"Mungu akuwe na weye," alimwambia.

Uani watu walikuwa wamejaa. Wengine walinung'unika alipoingia. Papa Lusenge alisimama, akakohoa.

"Nilikuwa nimesema Marie-Jeanne atatoka," alianza. "Batu bote munajua. Mu njia ya kurudia nilikuwa na kasirani. Halafu nikawaza: kama bangenikamata ku barrière na kola ndani ya bitambaa byangu, ningesema nini? Ningesema ni za nani? Mimi mwenyewe nilikuwa nimesahau ziko mule. Yeye hakusahau. Angeweza kunyamaza, mimi njo ningefungwa." Alimgeukia. "Ulinikasirisha, mama. Na uliniponya. Keti."

Marie-Jeanne aliketi.

"Sasa tuambie ile maulizo tatu," alisema Lusenge. "Pole pole, ju hapa bengine tuko bazee."

Akawaambia. Kintu imetengenezwa na nini? Imetengenezwa namna gani? Imefika wapi? Muuza vifungo alitoa kifungo mfukoni akauliza. Muuza zipu akauliza. Walibishana na kucheka, na baadhi walinyamaza kwa sababu walikuwa wanakumbuka walichowahi kumwambia déclarant kwa simu.

Karatasi zilirekebishwa kwa msaada wa Rachida. Amende ilikuja, na Marie-Jeanne aliilipa. Iliuma, sitaki kukudanganya. Miezi ile Jacob alishona hadi macho yakamwuma, na nyama haikuonekana sana mezani. Lakini mali yote ilitoka, na hakuna aliyefungwa.

Kabla ya safari iliyofuata, walipeleka vipande vya mali na barua ya kuuliza. Majibu yalipokuja, kipande kimoja ambacho Marie-Jeanne alidhani ni utepe kiliwekwa mahali pengine, kwa sababu hakikuwa na kitambaa nyuma, ni shanga za kioo kwenye uzi tu, zilizotungwa kwa ajili ya kusafirishwa. Alishangaa, akajifunza. Mtu wao wa Dubai aliambiwa afunge kila aina katika mfuko wake wenye jina. Waliendelea kulaza, maana barabara haikuwa imebadilika. Lakini sasa kila katoni ilisema imebeba nini, na imebeba ya nani.

Malori yakafika Beni. Marie-Jeanne alisimama mlangoni mwa ghala. Alikuwa amerudia majina yote njiani, na bado aliyarudia moyoni. Vérificateur Zorobabel alitoka na karatasi mkononi, akatazama rundo la katoni.

"Nianze na ya nani?" aliuliza.

Papa Lusenge hakusubiri mtu mwingine ajibu.

"Chef," alisema, "anza na ya Marie-Jeanne."